Wanawake wa Champ de Mars: kambi zilizopangwa na wasiolala humo

Tarehe 12 Januari 2010, saa kumi na moja kasoro dakika saba jioni, tetemeko la ardhi la kipimo cha 7.0 liliipiga Haiti. Kitovu chake kilikuwa karibu na mji wa Léogâne, kilomita 25 hivi magharibi ya mji mkuu, Port-au-Prince. Serikali ilitangaza vifo zaidi ya 300,000. Wapo waliotoa makadirio ya chini sana, na ubishi huo haujaisha hadi leo. Lisilobishaniwa ni kwamba kufikia katikati ya mwaka ule watu milioni moja na nusu walikuwa wanaishi kwenye kambi zaidi ya elfu moja, nyingi zikiwa ndani ya mji wenyewe: kwenye bustani za umma, viwanja vya shule, kandokando ya barabara, hata kwenye uwanja wa gofu.

Hapa nashughulika na jambo moja tu ndani ya janga hilo: ubakaji wa wanawake na wasichana kambini, na juhudi za kuuzuia. Kisa cha Haiti kimeandikwa kwa undani kuliko vingi, tena kilifika mbele ya chombo cha haki za binadamu kikatolewa amri ya kina. Ndiyo maana kinafaa kuchambuliwa. Ninachokiona ndani yake ni hiki: hatari zilijulikana mapema, namna ya kuzipunguza ilijulikana pia, na waliozijua zote mbili kwa undani ni wanawake waliokuwa wanalala chini ya maturubai. Hao ndio waliobaki nje ya geti wakati mipango inapangwa.

Kilichoanguka pamoja na majengo

Ubakaji haukuletwa Haiti na tetemeko. Kati ya 1991 na 1994, chini ya utawala wa kijeshi uliompindua Rais Jean-Bertrand Aristide, askari na wanamgambo waliwabaka wanawake wa vitongoji maskini ili kuwaadhibu kwa kumuunga mkono. Sheria nayo ilikuwa nyuma. Mpaka mwaka 2005 ubakaji ulihesabiwa kuwa kosa dhidi ya maadili, kana kwamba aliyeumizwa ni heshima ya familia. Amri ya serikali ya mwaka huo ndiyo iliyoufanya jinai nzito yenye adhabu ya miaka 10 na kazi ngumu, na miaka 15 pale aliyebakwa anapokuwa hajatimiza umri wa miaka 15.

Mabadiliko hayo yalipiganiwa na wanawake ambao majina yao yanajulikana. Myriam Merlet aliwahi kuwa mkuu wa ofisi ya waziri katika wizara ya masuala ya wanawake. Magalie Marcelin, mwanasheria, alianzisha Kay Fanm, shirika lililowahifadhi wanawake wanaopigwa majumbani. Anne Marie Coriolan alikuwa miongoni mwa waasisi wa SOFA, mojawapo ya jumuiya kubwa za wanawake nchini humo. Wote watatu walikufa katika tetemeko lile.

Ripoti nyingi hulitaja hilo kwa mstari mmoja kisha zikaendelea. Mimi naliona kuwa sehemu ya kiini cha kisa. Kazi ya kumlinda mwanamke baada ya kushambuliwa hutegemea watu wachache wanaojua mlango upi wa kubisha: hakimu atakayesikiliza, daktari atakayeandika cheti bila kumdhalilisha, mtu wa wizarani atakayepokea simu usiku. Ujuzi huo hauandikwi kwenye faili. Ukiwapoteza wanaoujua kwa siku moja, hakuna shirika la kigeni linaloweza kuuleta kwa ndege.

Jengo la wizara ya wanawake lilibomoka. Jumba kuu la mahakama lilibomoka. Wafungwa na mahabusu zaidi ya 4,000 walitoroka kutoka gereza kuu la mji, na mwanamke aliyewahi kutoa ushahidi hakuwa na hakika tena mtu aliyefungwa kwa ushahidi wake yuko wapi. Makao makuu ya kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa, MINUSTAH, nayo yaliporomoka na kumuua mkuu wake, Hédi Annabi. Yaani kila aliyetarajiwa kulinda alikuwa anachimbuliwa kifusini.

Safari ya chooni

Champ de Mars ni uwanja mkubwa katikati ya mji, mbele ya Ikulu. Ndani ya siku chache ulijaa familia. Kibanda cha kawaida kilikuwa miti kadhaa, shuka au turubai, na kamba. Kisu kinatosha kukifungua, na wanawake wengi walieleza hivyo hivyo: waliowavamia walichana turubai wakaingia. Vibanda vilikaribiana kiasi kwamba ukipiga kelele majirani wanasikia. Lakini ni majirani walioletwa pamoja na maafa, kila mmoja katoka mtaa wake, na wavamizi mara nyingi walikuwa kundi la wanaume wenye silaha. Nani atoke kuwakabili?

Chukua safari moja tu ya kwenda haja. Ni usiku, umeme hakuna. Msichana wa miaka kumi na minne anataka kwenda chooni. Vyoo vya plastiki vimepangwa mstari mmoja ukingoni mwa kambi, pale ambapo gari la kunyonya maji machafu linaweza kusogea. Kwa fundi aliyevipanga, hiyo ni kazi nzuri: gari linapita, vyoo vinasafishwa. Kwa msichana huyu ni mwendo mrefu gizani kati ya vibanda vya watu asiowajua. Akifika, vyoo vya wanaume na vya wanawake ni hivyo hivyo. Komeo la ndani halipo, au lilikuwapo likang'oka. Akitoka hajui nani amesimama nje. Mama yake angeweza kumsindikiza, lakini wadogo zake wabaki na nani kwenye kibanda kisicho na mlango?

Familia zilijibu swali hilo kadiri zilivyoweza. Wapo walioacha kunywa maji jioni. Wapo waliotumia ndoo au mfuko wa plastiki humo humo ndani. Watu wazima walilala kwa zamu. Kuoga kulikuwa mateso ya aina yake: ndoo na kopo mchana kweupe mbele ya wapita njia, au kungoja giza liingie, na giza ndilo lililokuwa la hatari.

Hakuna lolote katika hayo lililokuwa fumbo. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada yenyewe yameviandika na kuahidi kuvifuata, vinataka choo kimoja kwa watu 20, vyoo vya wanawake viwe mara tatu ya vya wanaume, visiwe mbali zaidi ya mita 50 kutoka makazi, vifungike kwa ndani. Mwongozo wa kuzuia ukatili wa kijinsia katika dharura ulikuwa umetolewa tangu 2005 na kamati inayoyaunganisha mashirika ya Umoja wa Mataifa na yasiyo ya kiserikali. Nakubali kwamba katika mji uliobomoka, wenye watu milioni na nusu nje, hakuna ambaye angetimiza vipimo vyote mwezi wa kwanza. Taa na komeo, hata hivyo, havikuwa vitu vya kungoja mwaka.

Takwimu zilizokusanywa zinaonyesha ukubwa wa tatizo ingawa haziwezi kulimaliza. KOFAVIV, kikundi cha wanawake nitakachokieleza hapa chini, kiliorodhesha matukio 230 ya ubakaji katika kambi 15 tu ndani ya miezi ya mwanzo. Amnesty International iliripoti zaidi ya matukio 250 katika siku 150 za kwanza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha New York katika kambi nne, uliotolewa 2011, ulikuta asilimia 14 ya kaya zikisema kuna mtu wao aliyeshambuliwa kingono tangu tetemeko. Nyuma ya kila hesabu ya waliojitokeza kuna waliokaa kimya kwa sababu aliyewabaka anaishi vibanda vitano mbele, na jioni atapita hapo hapo akienda kuchota maji.

Geti la karibu na uwanja wa ndege

Misaada iliratibiwa kutoka kambi ya Umoja wa Mataifa iliyo jirani na uwanja wa ndege. Kila sekta ilikuwa na kikao chake: maji, makazi, chakula, afya, na kikundi kidogo cha masuala ya ukatili wa kijinsia kikiongozwa na UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu. Vikao viliendeshwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Mhaiti wa kawaida anasema Kikrioli. Ili uingie ulihitaji kitambulisho cha shirika, nauli ya kuvuka mji uliojaa kifusi, na mtu wa kukupokea ndani. Mwanamke anayelala Champ de Mars hakuwa na hata kimoja, na vikundi vya mtaani vililalamika mara kwa mara kwamba havikusikika wala kuitwa.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wataalamu waliokuja hawakuwa watu wabaya. Wengi walifanya kazi mpaka wakaugua. Lakini jioni walirudi kwenye nyumba zenye ukuta, mlinzi na jenereta, na kambi walizijua za mchana. Doria nazo zikawa za mchana na za barabarani: gari linazunguka ukingo wa kambi huku mashambulizi yanatokea ndani kwenye vichochoro ambavyo gari haliingii. Katika kambi chache kubwa polisi wa Haiti na wa Umoja wa Mataifa waliweka vituo vya kudumu, na hapo palikuwa na nafuu. Bangladesh ilileta kikosi kizima cha polisi wanawake. Nia ilikuwa njema, ila askari hao hawakujua Kikrioli, na mwanamke aliyebakwa usiku hamtafuti mkalimani kwanza.

Ugawaji wa chakula unaonyesha jambo hilo hilo kwa namna nyingine, na hapa kuna jema la kutaja. Wiki za mwanzo chakula kiligawiwa kwa nguvu za kifua: malori yanafika, wanaume vijana wanasukumana mbele, wanawake na wazee wanaondoka mikono mitupu. Mwishoni mwa Januari 2010 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilibadilisha utaratibu. Kuponi zilitolewa kwa wanawake tu, katika vituo 16 mjini, kila kuponi gunia la mchele la kilo 25 la kulisha familia wiki mbili. Foleni zikatulia, na chakula kikaingia kwenye vyungu vya nyumbani.

Lakini gunia la kilo 25 kichwani mwa mwanamke anayetembea peke yake linaonekana na kila mtu, na wapo walioporwa njiani. Tena kuponi zilipitia mikononi mwa watu kabla ya kumfikia mama. Kamati nyingi za kambi zilikuwa za wanaume waliojiteua, na kadiri miezi ilivyopita zikaja habari za wasichana walioambiwa walipe kwa miili yao ili waandikwe kwenye orodha. Uamuzi wa kuwapa wanawake kuponi ulikuwa sahihi, nao uliishia nusu ya njia. Swali la nani anashika orodha lilipaswa kuulizwa siku ile ile lilipoulizwa la nani apokee mchele.

Filimbi

KOFAVIV kilianzishwa mwaka 2004 na wanawake waliobakwa wao wenyewe, ili kuwasaidia waliobakwa wengine. Waasisi wake, Malya Villard-Appolon na Eramithe Delva, ni manusura wanaojulikana kwa majina yao kwa hiari yao. Tetemeko liliibomoa ofisi yao na makazi yao, wakajikuta wanalala Champ de Mars kama kila mtu. Hapo ndipo walipoanza upya.

Waliyoyafanya hayakuhitaji bajeti kubwa. Walipita kibanda hadi kibanda, wakazungumza na akina mama kama majirani, wakawa wanaandika: lini, wapi, wangapi, walikuwa na silaha gani. Kwa kuwa waliishi humo, waliambiwa mambo ambayo mgeni mwenye fulana ya shirika hawezi kuambiwa. Waligawa filimbi na tochi. Filimbi ni kitu kidogo cha kuning'iniza shingoni kwa uzi, lakini haifanyi kazi peke yake. Ikipulizwa na hakuna anayekuja, ni kelele tu. Kwa hiyo waliwaandaa wanaume wa kambini waliowaamini kuwa walinzi, wa kuitikia filimbi, kuzunguka usiku na kuwasindikiza wanawake kwenda chooni. Waliobakwa waliwapeleka kliniki mapema, wakisafiri nao na kukaa nao kwenye foleni.

Neno mapema lina uzito hapa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina muda wa hadi saa 120. Kwa hiyo mwanamke anayekaa siku nne akijifungia kwa aibu, au akizunguka kutafuta kituo kilichobaki kimesimama, anapoteza kinga ya kwanza kabisa. Jirani anayejua saa hizo na anayejua njia ya kliniki anaokoa maisha ya mtu bila kuwa na cheo chochote.

Kisha kulikuwa na karatasi. Wasomaji wa Tanzania wanaijua PF3, wa Kenya wanaijua P3, fomu ya polisi anayojaza daktari. Haiti nayo ina cheti cha daktari. Sheria haikukifanya sharti la kufungua kesi, lakini kwa mazoea polisi na mahakimu hawakusogea bila hicho. Wanawake wengi hawakujua kwamba kinahitajika. Waliojua walikuta foleni, chumba kisicho na pazia, mhudumu mwanamume anayewahoji mbele ya watu, au daktari aliyetibu bila kuandika. Wengine walikuwa wameshaoga na kuchoma nguo walizovaa, kama ambavyo binadamu yeyote angetamani kufanya. Kituoni waliambiwa hakuna gari, hakuna mafuta. Wapo walioambiwa warudi siku watakapomwona mhusika. Kwa maneno mengine, mwanamke aliyebakwa na wanaume wasiojulikana gizani alipewa kazi ya upelelezi.

Amri ya 22 Desemba 2010

Juni 2010 Malya Villard-Appolon alizungumza mbele ya Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa mjini Geneva. Oktoba mwaka huo vikundi vya wanawake, pamoja na ofisi ya mawakili wa Port-au-Prince iitwayo BAI na washirika wao wa Marekani wakiwemo mashirika ya kutetea haki ya IJDH na MADRE na wanasheria wa chuo kikuu cha CUNY cha New York, walipeleka ombi kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika. Tume hii ina makao yake Washington; kwetu Afrika chombo kinachofanana nayo ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul. Ombi liliwahusu wanawake na wasichana wa kambi 22.

Tarehe 22 Desemba 2010 Tume ilitoa hatua za tahadhari, yaani maagizo ya haraka ya kuwalinda walio hatarini, dhidi ya serikali ya Haiti. Iliagiza matibabu ya mwili na ya nafsi yapatikane mahali panapofikika, kwa faragha, na wahudumu wa kike, pamoja na vidonge vya dharura na dawa za kuzuia VVU. Iliagiza ulinzi wa kweli kambini: taa, doria za kutosha ndani na pembeni, polisi wanawake zaidi kambini na vituoni. Polisi wanaopokea malalamiko wafundishwe namna ya kuwasikiliza waliobakwa. Viundwe vitengo maalumu vya upelelezi wa kesi hizi katika polisi na ofisi ya mwendesha mashtaka. Na vikundi vya wanawake wa chini kabisa vishirikishwe kikamilifu na viwe na sauti katika kupanga na kutekeleza sera za kupambana na ukatili huo kambini.

Ukiisoma amri hii pamoja na yale wanawake wa Champ de Mars waliyokuwa wanayasema tangu Februari, utaona ni yale yale. Taa, doria ya ndani, daktari mwanamke, polisi anayesikiliza. Tume haikuvumbua kitu. Ilichofanya ni kuyachukua maneno ya watu wasioruhusiwa kuingia getini na kuyarudisha yakiwa na muhuri, na kuanzia hapo serikali na wafadhili walilazimika kuyajibu.

Agizo la mwisho, la ushirikishwaji, kwa maoni yangu ndilo lililobeba mengine yote, na ndilo rahisi kupuuzwa kwa sababu halionekani kwenye picha. Taa ya jua ikifungwa inapigwa picha siku hiyo hiyo. Mwanamke akikaa mezani kusema kwamba taa imefungwa upande usiofaa, kwamba kona ya nyuma ya bafu ndiyo yenye hatari, hakuna cha kupiga picha. Lakini bila yeye taa itawaka mahali ambapo hakuna aliyeshambuliwa.

Je, amri ilileta mabadiliko? Yalikuwapo, kwa mafungu. Milango ya vikao ilianza kufunguka kwa vikundi vya wanawake. Taa zilifungwa katika baadhi ya kambi. Kesi kadhaa za ubakaji zilifika mahakamani na watu wakatiwa hatiani, jambo ambalo zamani lilikuwa nadra mno. Mwaka 2012 Malya Villard-Appolon alitambuliwa na CNN miongoni mwa mashujaa wake wa mwaka. Hata hivyo utekelezaji wa jumla ulikuwa wa polepole, na waliosimama mbele walilipa: viongozi wa KOFAVIV walipokea vitisho vya kuuawa. Kumpa mwanamke sauti bila kumpa ulinzi ni kumweka wazi kwa wabaya wake, na hilo halikupangiwa fungu popote.

Waliokuja kulinda

Kisa hiki hakiwezi kuandikwa bila sehemu hii. Kabla ya tetemeko, mwaka 2007, zaidi ya askari 100 wa Sri Lanka waliokuwa MINUSTAH walirudishwa kwao kwa tuhuma za unyonyaji wa kingono, wakiwemo waliowatumia watoto. Kurudishwa nyumbani ndiyo adhabu ambayo wengi wao waliipata.

Februari 2018 gazeti la The Times la London lilifichua kwamba maafisa wa shirika la misaada la Oxfam nchini Haiti, akiwemo mkurugenzi wa shirika hilo huko, Roland van Hauwermeiren, walihusishwa na kununua ngono wakati wa kazi ya misaada baada ya tetemeko. Shirika lilikuwa limefanya uchunguzi wa ndani mwaka 2011. Wanne walifukuzwa, watatu wakaachwa wajiuzulu, mkurugenzi akiwa mmoja wao. Wananchi wa Haiti, ambao nchi yao ndiyo iliyotendewa, waliyajua yote hayo miaka saba baadaye kupitia gazeti la Uingereza.

Ninachokiona hapa ni ufa ule ule wa vyoo na vikao. Malalamiko dhidi ya mtoa misaada yalipelekwa kwa mtoa misaada, kwa lugha yake, ofisini kwake, na uamuzi ukabaki kwenye makabati yake. Msichana anayepokea mchele kutoka kwa mtu hawezi kumshtaki mtu huyo kwa kupitia mtu huyo. Utaratibu wa malalamiko ulipaswa kuwa na mlango mmoja ulio nje ya shirika lenyewe, na njia iliyo fupi zaidi ya hapo ingepita kwa wanawake waliokwisha kuaminiwa kambini.

Baada ya mahema

Kambi zilianza kupungua. Serikali ya Rais Michel Martelly, kuanzia 2011, ilikuwa na mradi wa kuzihamisha familia za kambi sita kwenda mitaa 16, kila familia ikipewa ruzuku ya dola 500 za Marekani kwa ajili ya kodi ya nyumba ya mwaka. Champ de Mars ilisafishwa mwaka 2012. Kwa aliyeondoka kwenye turubai na kupata mlango unaofungwa, hiyo ilikuwa nafuu kubwa, na sitaki kuibeza. Lakini pamoja na kambi iliondoka ile mitandao ya filimbi, ya majirani waliojifunza kuitikia. Mwanamke anayepigwa ndani ya chumba cha kupanga hana hata turubai la kupitisha sauti. Na kodi ya mwaka mmoja huisha mwaka mmoja.

Leo Port-au-Prince ina wakimbizi wa ndani tena, safari hii waliokimbia magenge yenye silaha. Januari 2025 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilitangaza kwamba waliohama makwao nchini Haiti wamepita milioni moja. Katika mji mkuu wengi wamejibana mashuleni na kwenye majengo ya umma. Tetemeko halipo, lakini choo cha pamoja kisicho na komeo kipo, giza lipo, na orodha ya chakula inayoshikwa na mwanamume mmoja ipo.

Safari hii Afrika Mashariki nayo iliingia ndani. Polisi wa Kenya walianza kutua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024 wakiongoza kikosi cha mataifa kilichoidhinishwa na Azimio 2699 la Baraza la Usalama la Oktoba 2023. Septemba 2025 Baraza likaamua kukigeuza kuwa kikosi kikubwa zaidi cha kupambana na magenge. Azimio la 2023 lilidai maafisa wachujwe na kufundishwa kabla ya kupelekwa, kuwe na njia salama za kulalamika, na tuhuma za unyanyasaji wa kingono zichunguzwe na kutolewa taarifa hadharani. Masharti hayo yaliandikwa kwa sababu ya yaliyotokea chini ya MINUSTAH.

Wakenya wana haki ya kuuliza bungeni na kwenye vyombo vyao vya habari masharti hayo yametekelezwaje kwa askari waliowatuma: nani anapokea malalamiko ya mwanamke wa Port-au-Prince dhidi ya afisa wa kigeni, anapatikana wapi saa nane usiku, anasema Kikrioli au hasemi, na aliyelalamika anarudishiwa jibu baada ya siku ngapi. Wanawake waliolala Champ de Mars wangeweza kuyajibu maswali hayo kwa kina, na wengi wao bado wapo mjini humo.